Mwandiko Unaosomeka Ukubwani: Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Mkono Wako

Kazi yangu ni kuchapa. Watu wa Moshi mjini na vitongoji vyake huniletea barua, katiba za vikundi, mihtasari ya vikao na risala za misiba, vyote vimeandikwa kwa mkono, nami huvigeuza kuwa maandishi ya kompyuta. Kwa hiyo najua mwandiko huvunjikia wapi. Najua pia kwamba wengi waliojaribu kuutengeneza wameshindwa kwa njia ileile. Wananunua daftari jipya, wanatafuta kwenye simu herufi za kupendeza zenye mikunjo na mikia mirefu, wanazinakili kila jioni. Siku ya kwanza wakitakiwa kuandika haraka, mwandiko wa zamani unarudi wote.

Wanashindwa kwa sababu wanabadilisha kila kitu kwa mpigo. Mkono wa mtu mzima una mazoea ya miaka mingi, haukubali kufundishwa alfabeti nzima upya. Wala hauhitaji. Miandiko mibovu mingi ninayoisoma huwa na herufi tatu au nne zinazoiharibu. Zilizobaki ziko sawa. Rekebisha hizo, ukurasa mzima utafunguka.

Lengo la mwongozo huu ni hilo tu: mtu asiyekujua, asiyejua ulitaka kusema nini, asome ulichoandika bila kukwama. Urembo haumo. Tenga dakika 15 kwa siku kwa wiki nane. Dakika 15 za kila siku zinajenga mkono kuliko saa mbili za Jumamosi, kwa sababu mkono hujifunza kwa kurudiarudia na kupumzika katikati.

## Vifaa

Daftari jembamba la mistari, la kawaida la shule. Pima kwa rula nafasi kati ya mstari na mstari. Milimita 7 au 8 inafaa. Usitumie kaunta buku kwa mazoezi. Ule unene wake karibu na mshono huinua ukurasa, mkono unapanda na kushuka, na herufi za mwanzo wa mstari hazifanani na za mwisho.

Penseli ya HB na kichongeo. Raba iache dukani. Ukifuta, unapoteza ushahidi wa kosa, na mazoezi haya yote yanategemea kuliona kosa.

Peni mbili za aina tofauti: moja ya kawaida yenye wino mzito, moja ya jeli. Zijaribu hapohapo steshenari kabla ya kulipa. Ichukue ile inayoacha wino bila kukandamizwa. Peni inayohitaji nguvu huchosha vidole, na vidole vilivyochoka haviumbi herufi.

Rula ya sentimita 30, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na karatasi tano au sita za kutandika chini ya ukurasa unaoandika. Meza tupu ni ngumu mno. Ncha ya peni huteleza juu yake.

Kama umevuka miaka 40 na unasogeza karatasi mbali ili uione, kapimwe macho kabla ya kuanza. Asiyeuona mstari hawezi kukaa juu yake. Kwa watu wa Moshi, hospitali ya KCMC ina idara ya macho inayojulikana. Miwani ya kusomea peke yake imewatengeneza wengine mwandiko.

## Hatua ya 1: Tafuta herufi zako mbovu

Andika sentensi hii mara tatu, kwa kasi yako ya kila siku, bila kujipendekeza:

*Jumapili bibi huvuna ndizi, hufunga mkungu kwa kamba, hutafuta gari lenye nafasi, kisha hushuka sokoni na mzigo kichwani.*

Ina herufi zote za Kiswahili. Chini yake andika aya moja ya mambo yako mwenyewe, mistari kumi hivi: uliyofanya jana, au maelezo ya kazi yako. Weka tarehe.

Sasa mpe mtu aisome kwa sauti ile aya, siyo sentensi. Asiwe mume au mke wako, asiwe mtu wa ofisi yako. Hao wameshauzoea mwandiko wako na wanaukisia. Kijana wa jirani anafaa zaidi. Wewe kaa na penseli. Kila anapositasita, weka alama juu ya neno. Usimsaidie.

Akimaliza, rudi kwenye maneno yenye alama na uulize: ni herufi gani iliyomzuia? Andika orodha. Ukipata herufi kumi, chukua nne zilizojirudia zaidi, nyingine zisubiri.

Tahadhari: usijisomee mwenyewe. Unajua ulichotaka kusema, kwa hiyo jicho lako litasoma kilichomo kichwani badala ya kilichopo kwenye karatasi.

Umefaulu ikiwa una orodha fupi ya herufi zenye majina, kwa mfano "a, n, k, na nafasi kati ya maneno". "Mwandiko wangu ni mbaya" haihesabiki kuwa orodha.

## Hatua ya 2: Mkao, karatasi na mshiko

Wengi wetu tunaandikia kwenye meza ya sebuleni, tumeketi kwenye kochi, mgongo umekunjwa na kiwiko kinaning'inia. Hapo hakuna mwandiko utakaotoka. Hamia meza ya kulia chakula. Nyayo zikae sakafuni na mkono wako, kutoka kiwiko kwenda mbele, ulale mezani. Kama ni usiku, taa itoke upande usio wa mkono unaoandika, ili kivuli cha mkono kisifunike mstari.

Zungusha daftari. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kona ya chini ya kushoto ielekee kitovu, na juu ya ukurasa paelemee kushoto. Daftari lililonyooka mbele yako linalazimisha kifundo cha mkono kupinda kadiri mstari unavyosonga. Mkono mwingine ushike karatasi isitembee.

Shika peni kwa kidole gumba na cha shahada, ikiegemea cha kati, kama sentimita 2.5 kutoka kwenye ncha. Wapo wanaoongeza kidole cha nne, na kama hakikuumi na herufi zinatoka, usihangaike kubadilisha. Kinachoharibu ni kukaba.

Kujua kama unakaba, geuza ukurasa ulioandika na upapase nyuma yake kwa ncha ya kidole. Ukihisi mifereji, unakandamiza mno. Njia nyingine: unapoandika, mtu aivute peni ghafla kwa juu. Inatakiwa itoke kwa urahisi.

Jambo ambalo halisemwi mara nyingi: vidole viumbe herufi, lakini mkono mzima usafiri. Kila baada ya maneno mawili telezesha mkono wote kulia. Anayeganda mahali pamoja na kunyoosha vidole hadi vimalizike ndiye ambaye maneno yake huanza vizuri na kuishia yamebanana.

Tahadhari kwa watu wa Arusha: kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi vidole hukakamaa kwa baridi. Usifanye mazoezi na vidole vya baridi, utarudi kukaba bila kujua. Shika kikombe cha chai kwanza, au hamishia zoezi mchana. Peni ya wino mzito nayo hukwamakwama zaidi kwenye baridi. Tumia ya jeli miezi hiyo.

## Hatua ya 3: Kulainisha mkono

Dakika mbili tu kabla ya kila zoezi, kwa penseli. Jaza mstari mmoja kwa vijiti vilivyosimama, vyote vielekee upande mmoja. Jaza mwingine kwa miduara inayozunguka kinyume cha mishale ya saa, iliyoshikana bila kuinua penseli. Wa tatu ujaze kwa vilima vilivyoungana, juu-chini-juu-chini.

Hiyo ndiyo mijongeo mitatu inayojenga karibu kila herufi utakayoandika. Ukitosheka na vijiti vinavyosimama sambamba, endelea.

## Hatua ya 4: Herufi a na ndugu zake

Hata kama a haimo kwenye orodha yako, usiruke hatua hii. Lugha yetu imejaa a. Chukua neno moja, *hawakutufahamisha*: lina a tano na u mbili. Mwandishi ambaye a zake ziko wazi juu ameniandikia neno lenye u saba, na mimi nabaki kukisia.

Kukisia huko kuna hatari, kwa sababu kwetu a na u zinabadilisha mtu. *Amelipa* ni yule. *Umelipa* ni wewe. *Alikopa* na *ulikopa* zinatofautiana kwa herufi moja, na ukiwa unaandika muhtasari wa kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, herufi hiyo ndiyo inayosema nani anadaiwa. A ikikosa mguu nayo hugeuka o, ndipo *chama* kinaposomeka *choma*. Mkoa huu una ukoo wa Mushi na mji wa Moshi. U ikifungwa juu kwa haraka, jina la mtu limekuwa jina la mji.

Iumbe hivi. Anza juu kulia, siyo juu kushoto. Rudi kushoto kwa mviringo, shuka hadi uguse mstari, panda upande wa kulia hadi uguse pale ulipoanzia. Usiinue peni. Kutoka hapohapo shuka wima hadi mstarini, na umalizie kwa kijimkia kidogo cha kwenda herufi inayofuata.

Kosa kubwa liko pale pa kugusa. Mtu mwenye haraka hapandi hadi juu. Anafika katikati, anageuka na kushuka. Ndiyo maana a hufunguka. Kwa wiki nzima akili yako yote iwe pale pa kugusa.

Andika mstari mmoja wa a. Simama. Tafuta iliyo nzuri kuliko zote na uizungushie duara. Mstari wa pili, iga hiyo. Fanya hivyo mara tano. Unaiga mkono wako mwenyewe ulipofanya vizuri, na huo mkono unaweza kuurudia; mkono wa mtu wa kwenye simu huwezi. Kisha ingia kwenye maneno: *hata, haba, kata, maana, baada, mahakama*. Halafu jozi: *amelipa umelipa, alikopa ulikopa, chama choma*.

Kuna jaribio rahisi la kujikagua. Weka rula ifunike nusu ya chini ya maneno, uone nusu ya juu tu. Kila a inatakiwa ionekane kama paa lililofungwa. Ukiona pengo, imefunguka.

Ukiiweza a, ndugu zake wanakuja karibu bure, kwa kuwa mjongeo ni uleule. *d* ni a ambayo kabla ya kushuka imepanda juu na kupata shingo. *g* ni a ambayo mguu wake umepita chini ya mstari na kujikunja kushoto. *o* ni a isiyo na mguu, lakini nayo lazima ifunge. *c* ya *ch* ni mwanzo wa a ulioachwa nusu. Kuhusu *e*, anza katikati kwa kistari kinachopanda, kisha zunguka; tundu lake libaki wazi, likiziba husomeka *i* au *c*.

Tahadhari: usianze kuandika a ya vitabu, ile yenye kofia juu. Inapendeza, ila ina mizunguko miwili, na kwenye kasi itaanguka.

Umefaulu ikiwa unaandika *hawakutufahamisha* mara tano kwa kasi ya wastani na a zote ishirini na tano zimefunga. Usihame hatua kabla ya hapo, hata ikichukua wiki mbili.

## Hatua ya 5: Matao, yaani n, m, h, r, u na w

Hapa ndipo Kiswahili kinapoutesa mwandiko kuliko mahali pengine. Maneno yetu hurundika m, n, u na w mwanzoni: *mwanamume, mnunuzi, umwonyeshe, wanunuzi*. Kwenye majina ya huku kwetu yumo *Mmari*. Na kipimo cha mwisho ni neno *muumini*: herufi saba, zote ni vijiti na vilima. Mwandiko mbovu huliandika kama msumeno.

Siri iko kwenye mahali tao linapochipukia. Kwa *n*: shuka hadi mstarini, panda juu ya njia ileile uliyoshukia, na ukiwa karibu na kilele ndipo utoke kulia, upinde, ushuke. Ukitoka ukiwa bado chini, n inakuwa u. *m* ni hivyo mara mbili. *h* ni hivyo pamoja na shingo. *r* ni n iliyokatishwa mara tu ilipotoka, usiishushe.

*u* ni kinyume: mviringo wake uko chini, kileleni iko wazi. Shuka, pinda juu ya mstari, panda, shuka tena kwa mguu ulionyooka.

Kwa *w* nashauri iwe na ncha chini, kama v mbili. W ya mviringo haitofautiani na u mbili, na kwetu u mbili zipo: *muuzaji, kuuliza, juu*. Nukta ya *i* ikae juu ya i yenyewe, siyo juu ya herufi ya tatu mbele. Katika *muumini*, nukta mbili zilizokaa mahali pake zinaokoa neno zima.

Ukiwa hapahapa ishike na *k*. Watu wengi huipinda mpaka ikawa h, na *kulipa* ikasomeka *hulipa*. Shusha shingo hadi mstarini, inua peni, anzia kulia juu, ingia hadi uguse shingo katikati, kisha toka kwenda chini kulia. Kuinua peni kwenye k hakupotezi muda wa maana.

Zoezi la kila siku: *muumini, mnunuzi, mwanamume, wanunuzi, kulipa hulipa, kuuliza*. Mpe mtu asiyeujua mwandiko wako ayasome moja moja kwa mpangilio usio wa kawaida. Umefaulu ikiwa hajasita kwenye *muumini*.

## Hatua ya 6: Ukubwa, mstari na nafasi

Herufi ndogo zisizo na shingo wala mkia (a, e, i, m, n, o, u na wenzao) zijaze kama nusu ya nafasi ya mstari, yaani milimita 3 hadi 4. Zenye shingo (b, d, f, h, k, l, t) zifike karibu na mstari wa juu bila kuugusa. T iwe fupi kidogo. Zenye mkia (g, j, p, y) zishuke chini, lakini mkia usizame kwenye herufi za mstari unaofuata.

Kosa linaloonekana zaidi ni zote kulingana. *Pale* ikiandikwa na p isiyoshuka na l isiyopanda haisomeki hata kama kila herufi imeumbwa vizuri. Kwa siku tatu chora kwa rula na penseli mstari hafifu katikati ya kila nafasi, uandike herufi ndogo chini yake. Siku ya nne acha kuchora.

Mwinamo wowote unakubalika, wima au kulala kulia, mradi uwe mmoja. Chora vijiti vyepesi juu ya shingo za maneno yako uone kama vinakwenda sambamba.

Kati ya neno na neno acha upana wa herufi *n* moja, au zaidi kidogo. Maneno yetu ni marefu, na wengi wakifika ukingoni mwa ukurasa hulibana neno lote liingie. Usibane. Likate kwenye silabi, baada ya irabu, uweke kistari: *hawakutu-* kisha *fahamisha* chini. Piga pambizo la kulia kwa rula, sentimita 1.5, ulitii kama ukuta.

Usisahau ritifaa ya *ng'*. Iweke juu, kati ya g na irabu, ionekane.

## Hatua ya 7: Tarakimu na majina

Kwa kazi nyingi za watu wazima, hapa ndipo penye gharama. Daftari la michango ya msiba au ya send-off, stakabadhi ya kilo za kahawa pale chama cha msingi, namba ya simu ya kutumia pesa: herufi iliyokosewa unaweza kuikisia, tarakimu huwezi.

*1* iwe kijiti kitupu, bila bendera. *7* ipigwe kistari katikati. Kwa hayo mawili pekee, 10,000 haitasomeka 70,000. *4* iache wazi juu, kwa kona zilizonyooka. *9* ifunge kichwa kabisa kabla ya kushusha mguu. *6* iwe na shingo ndefu na *0* isiwe na shingo kabisa. Kofia ya *5* iguse mwili, usiiache ikielea.

Andika namba ndefu kwa mafungu. Simu: tarakimu nne, tatu, tatu. TIN yenye tarakimu 9: tatu, tatu, tatu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, iandike 8, 5, 5, 2. Jicho linaloruka tarakimu moja kwenye msururu wa 20 halitaruka kwenye fungu la tarakimu tano.

Kwenye daftari la michango chora safu kwa rula. Kiasi kianzie kulia, moja chini ya moja, elfu chini ya elfu, na umalizie kwa /= ili mtu asiongeze sifuri: 50,000/=. Kwenye stakabadhi rudia kwa maneno.

Majina ya watu yaulize, herufi kwa herufi: Massawe ni s mbili, Lyimo ina y. Usione aibu kuuliza. Jina lililokosewa kwenye karatasi ya kwanza huweza kufuata hadi kwenye cheti, na mwenye jina ndiye atakayehangaika na viapo.

## Hatua ya 8: Kuongeza kasi bila kubomoa

Wengi hubomokea hapa, kwa kuwa wanaruka kutoka polepole kabisa hadi mbio.

Chagua aya moja. Iandike polepole kwa dakika moja, uhesabu maneno. Iandike tena kwa dakika moja ukilenga kuongeza maneno mawili au matatu tu. Funika kwa rula, kagua a na matao. Zikiwa nzima, kesho anzia kasi hiyo. Zikivunjika, rudi kasi ya jana ukae siku mbili.

Herufi ya kwanza kuvunjika ndiyo itakayokuambia zoezi la kesho. Karibu kila mara itakuwa moja kati ya zile nne za Hatua ya 1.

Kazi ya haraka kupita kiasi, kama kuandika mtu anapozungumza kikaoni, ina dawa nyingine: usiandike kila neno. Andika majina, kiasi na maazimio, kisha ukae siku hiyohiyo uandike upya muhtasari.

Umefaulu ikiwa kasi yako ya zamani imerudi na msomaji hasiti.

## Hatua ya 9: Kuupeleka kazini

Usianze kazini na herufi zote mpya. Wiki ya tatu, kwenye daftari la mahudhurio na ujumbe wa kawaida, tazama a peke yake. Matao yafuate wiki ya tano. Ukitazama mawili kwa pamoja ukiwa na kazi mkononi, yote yatakuponyoka.

Fomu za benki na za serikali zijaze kwa herufi kubwa zilizotengana, kila herufi kwenye chumba chake, hata kama hawakusema. Nenda na peni yako. Ile iliyofungwa kamba kaunta imeshachoka, na unaandika umesimama, kiwiko hewani. Tandika karatasi iliyokunjwa chini ya fomu, egemeza mkono wote kaunta, ujaze namba kwanza mkono ukiwa bado mbichi.

Saini iache kama ilivyo. Iko benki na kwenye nyaraka zako. Ukiibadilisha kwa sababu mwandiko umependeza, utajiletea usumbufu.

## Kwa mashoto

Usiige mkao wa mwenye kulia. Zungusha daftari upande wa pili: kona ya chini ya kulia ielekee kitovu, juu paelemee kulia. Shika peni juu kidogo zaidi, karibu sentimita 3 hadi 4 kutoka kwenye ncha, ili uone unachoandika. Mkono ukae chini ya mstari, usiupinde kuja juu yake. Wino wa jeli unaochelewa kukauka utaupaka kwa kiganja, kwa hiyo kwako peni ya kawaida inafaa zaidi.

## Mwandiko ukiwa dalili

Kuchoka kidogo wiki ya kwanza ni kawaida. Maumivu makali siyo. Acha siku mbili, punguza kukandamiza, uanze na dakika tano.

Nenda hospitali ukiona haya: ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa inayokuamsha usiku, mkono ulioanza kutetemeka hivi karibuni, au mwandiko uliokuwa mkubwa sasa unazidi kuwa mdogo na kubanana kadiri unavyoandika, bila wewe kutaka. Hilo la mwisho linaweza kuwa ishara ya ugonjwa wa Parkinson. Udhaifu wa ghafla wa mkono, pamoja na mdomo kwenda upande au maneno kugongana, usiusubirishe hata saa moja. Kwa Arusha ipo Mount Meru, kwa Moshi ipo Mawenzi.

## Kipimo cha wiki ya nane

Andika upya ile sentensi ya bibi na ndizi, na aya mpya ya mistari kumi yenye angalau majina mawili, namba moja ya simu na kiasi kimoja cha pesa. Tumia kasi yako ya kawaida. Tafuta msomaji mwingine, siyo yule wa kwanza. Asome kwa sauti, na namba azitaje tarakimu moja moja, nawe uweke alama.

Alama zikibaki mbili au tatu, angalia ni herufi ipi. Ikiwa ni a au ndugu zake, fanya Hatua ya 4 kwa wiki moja zaidi. Ikiwa ni tao, Hatua ya 5. Ikiwa ni herufi iliyokuwa ikisubiri kwenye orodha yako ndefu, sasa zamu yake imefika.